Mwaridi wangu wa rangi ya kahawa umepauka: je, niung'oe?

SWALI: Nina kibustani cha mita mbili kwa tatu, chenye ukuta pande mbili. Mwaka juzi nilinunua mche wa waridi la floribunda (kundi la miwaridi inayotoa maua kwa vichala), aina ya Koko Loko, kwa sababu maua yake yana rangi ya kahawa ya maziwa. Maua ya kwanza yalitoka kama yalivyoonekana kwenye picha ya lebo, ingawa baada ya siku chache yaligeuka zambarau hafifu. Sasa joto limeingia, na maua yanayotoka ni madogo, meupe-meupe, na kingo zake zimeungua. Majani machanga ni ya njano, ila mishipa yake imebaki kijani. Nimeshauriwa nizike misumari yenye kutu na nimwagie siki ili rangi irudi. Siki nimeshaimwaga mara moja. Mtu mwingine anasema niliuziwa mche wa uongo, na kweli kuna tawi refu lililochomoza chini kabisa mwaka jana, nikaliacha, na mwanzoni mwa msimu huu limetoa maua mekundu ya damu ya mzee. Mche uko karibu na ukuta unaopigwa na jua kuanzia adhuhuri hadi jioni. Je, niung'oe nipande mwingine, au rangi ile inaweza kurudi?

JIBU: Usiung'oe. Kwa maelezo uliyotoa, mche wako ni wa kweli na rangi yake haijapotea. Kinachokutia wasiwasi ni mambo manne tofauti yaliyotokea kwa pamoja yakaonekana kama ugonjwa mmoja: tawi jekundu ni la mmea mwingine, kugeuka zambarau ni tabia ya aina hiyo, kupauka kumeletwa na joto, na majani ya njano yanatokana na udongo. Kila moja lina dawa yake, isipokuwa lile la zambarau, ambalo halihitaji dawa. Siki, tafadhali, usiimwage tena.

Nianze na tawi jekundu, kwa kuwa hilo ndilo la haraka. Miwaridi mingi inayouzwa si mmea mmoja bali miwili iliyounganishwa. Mkulima huchukua jicho la aina yenye maua mazuri na kulibebesha juu ya mche mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Sehemu ya juu ndiyo uliyoilipia. Ya chini kazi yake ni kulisha, na haitakiwi kuonekana kamwe. Ikipata nafasi huchipua kwa nguvu kuliko aina iliyobebeshwa, na mwenye bustani asiyejua hudhani mwaridi wake umebadilika. Huko Marekani aina inayotumiwa sana kuwa mzizi ni Dr. Huey, ambayo maua yake ni mekundu ya damu ya mzee, yenye petali chache na kitovu cha njano kinachoonekana wazi. Hutoa maua mara moja kwa mwaka, kwenye matawi ya mwaka uliopita, na ndiyo maana tawi lako lilikaa mwaka mzima bila ua kisha likachanua. Maua yako yakifanana na hayo, basi umeshamjua mgeni wako. Mahali pengine mzizi hutokana na Rosa multiflora, ambayo hutoa vichala vya maua madogo meupe.

Wengi watakuambia uhesabu vijani, yaani vipande vidogo vinavyounda jani moja: vitano ni waridi la kweli, saba ni la mzizi. Usitegemee kipimo hicho, kwa sababu aina nyingi nzuri za bustani nazo huwa na vijani saba. Kipimo cha kuaminika ni pale tawi linapoanzia. Fukua udongo taratibu kwa mkono mpaka uone uvimbe mnene kwenye shina, mahali ambapo sehemu mbili ziliungana. Tawi lililoota juu ya uvimbe huo ni lako. Lililoota chini yake, au kwenye mzizi wenyewe, liondoe. Usilikate usawa wa udongo, maana vichipukizi vilivyolala kwenye kitako chake vitaamka, na badala ya tawi moja utapata matatu. Lifuate hadi linapoungana na mzizi, lishike karibu na kitako na ulivute kwa nguvu upande mmoja hadi lichomoke pamoja na kitako chake. Kwa kuwa limekaa mwaka mzima limekwisha kukomaa, hivyo huenda ukahitaji kisu kikali ili lisiondoke na gamba la mzizi. Kidonda kikiwa safi hakihitaji kupakwa kitu. Rudishia udongo na umwagilie maji. Tawi hilo limekuwa likila chakula ambacho kingekwenda kwenye maua yako, na mara nyingi kuliondoa tu kunatosha kuupa mche uhai mpya katika msimu unaofuata.

Sasa rangi. Hakuna waridi lenye rangi moja ya kahawia ndani yake. Kinachoonekana kama kahawa ya maziwa ni makundi mawili ya rangi yaliyokutana katika petali moja. Kundi la kwanza ni karotenoidi, zinazotoa njano na machungwa. La pili ni anthosianini, zinazotoa waridi, wekundu na zambarau, nazo zimeyeyuka katika maji yaliyomo ndani ya seli za petali. Njano ikipita chini ya zambarau hafifu, jicho la mwanadamu husoma kahawia, kutu au kahawa, kutegemea kipi kimezidi. Ukitaka kuhakikisha, chukua petali ya ua linalofunguka na uiinue kwenye mwanga wa asubuhi: utaona njano imekaa kwenye kitako chake, na uzambarau umetanda kuelekea ukingoni.

Ukishaelewa hivyo, mabadiliko uliyoyaona yanaeleweka. Ua linapozeeka, njano yake hufifia mapema, na zambarau iliyokuwa imefichwa hubaki peke yake. Katika Koko Loko huo ndio mwenendo uliokusudiwa: chipukizi la ua huwa la kahawa ya maziwa, ua hufunguka likiwa na rangi hiyo, kisha hugeuka zambarau hafifu kabla ya kupukutika. Katika kichala kimoja unaweza kuona rangi zote mbili kwa siku moja, na kwa maoni yangu hapo ndipo uzuri wake ulipo. Aliyekuuzia hakukudanganya.

Kupauka moja kwa moja tangu ua linapofunguka ni jambo jingine. Anthosianini hutengenezwa ua likiwa bado chipukizi, na utengenezaji huo unahitaji mambo matatu: mwanga, sukari inayotoka kwenye majani, na ubaridi wa kiasi. Joto likizidi, mmea hutengeneza rangi kidogo, na hata ile iliyokwisha kutengenezwa huvunjika haraka. Zaidi ya hayo, ua hufunguka upesi kabla halijajaza petali zake, ndiyo maana maua yako yamekuwa madogo. Waridi jekundu lenye rangi nyingi linaweza kupoteza sehemu yake na bado likaonekana jekundu. Waridi la kahawia limesimama juu ya mizani nyembamba mno, na upungufu mdogo wa upande mmoja hulifanya lionekane la maziwa matupu, la machungwa, au la waridi iliyofifia. Kwa sababu hiyo aina za rangi zisizo za kawaida hubadilika kutoka msimu hadi msimu kuliko aina nyingine zote, na maua bora ya mwaka huja wakati wa ubaridi, si wakati wa jua kali. Picha ya lebo, kwa kawaida, ilipigwa katika hali hiyo ya hewa.

Mahali ulipoupanda mche panazidisha tatizo. Ukuta unaopigwa na jua tangu adhuhuri hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, hivyo machipukizi hayapati saa za ubaridi ambazo yangezitumia kujenga rangi. Kingo zilizoungua ni ushahidi wa jambo hilohilo: petali hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Tena udongo wa chini ya ukuta mara nyingi ni mkavu kuliko unavyodhani, kwa kuwa ukuta huikinga mvua.

Ukuta huo huenda ndio chanzo cha majani ya njano pia. Jani changa lililogeuka njano huku mishipa ikibaki kijani ni dalili inayojulikana ya mmea kukosa madini ya chuma, na kwa kawaida si kwamba udongo hauna chuma, bali mizizi inashindwa kukichukua. Mwaridi hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH ya 6.0 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha asidi, nacho hushuka asidi inapozidi). Chokaa na saruji zinazodondoka kutoka ukutani, pamoja na vifusi vilivyofukiwa wakati wa ujenzi, hupandisha kiwango hicho kupita 7, na chuma hugeuka kuwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kuinyonya. Hapo misumari yenye kutu haisaidii kitu, kwa sababu kutu yenyewe ni chuma cha namna hiyohiyo isiyonyonyeka. Siki nayo hushusha pH kwa muda mfupi sana na inaweza kuchoma mizizi myembamba ya juu, ile inayofanya kazi kubwa ya kunyonya chakula. Kwa kuwa umemwaga mara moja tu, mwagilia maji mengi mara mbili au tatu ili kuisukuma chini, nayo haitaacha athari.

Ushauri wa misumari unatokana na haidrenjia, ua jingine la bustani, ambayo rangi yake kweli hufuata udongo: katika udongo wenye asidi hunyonya alumini, na maua huwa ya buluu. Waridi halina utaratibu huo. Hakuna unachoweza kuweka ardhini kikahamisha rangi ya petali zake kutoka kundi moja kwenda jingine, kwa kuwa rangi imeandikwa katika urithi wa mmea. Ndiyo sababu waridi la buluu halikupatikana kwa karne nyingi za uchavushaji: mmea huu hauna uwezo wa kutengeneza delfinidini, ambayo ndiyo rangi inayoyapa maua mengi ubuluu wake. Kampuni ya Suntory ya Japani ililazimika kuhamisha jeni kutoka mmea mwingine, na waridi lake la Applause, lililoanza kuuzwa mwaka 2009, bado ni la zambarau kuliko buluu. Kwa hiyo ukiona mbegu za waridi la buluu ya bahari au la rangi za upinde wa mvua zinatangazwa mtandaoni, tunza fedha zako.

Dawa ya majani hayo ni chuma cha kilete, yaani chuma kilichofungwa ndani ya kemikali inayokifanya kiendelee kunyonyeka na mizizi, kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kipo cha aina kadhaa, na kinachoitwa EDDHA ndicho kinachobaki na nguvu katika udongo wenye chokaa. Fuata kipimo cha kwenye pakiti wala usizidishe. Lakini kabla ya kukinunua, pima pH ya udongo, kwa kuwa mizizi iliyojaa maji au iliyoumia nayo huleta dalili zinazofanana na hizo.

Una njia tatu mbele yako. Ya kwanza ni kuuacha mche ulipo na kuupunguzia makali: wavu mwepesi wa kivuli kwa saa za alasiri wakati wa joto, matandazo ya sentimita tano hadi nane ya majani makavu au mboji, yasiyogusa shina, na maji ya kutosha. Utapata nafuu, ila ukuta utabaki na joto lake. Ya pili ni kuuhamishia upande mwingine wa bustani unaopata jua la asubuhi kwa muda wa saa sita hivi na kivuli chepesi baada ya hapo, angalau nusu mita kutoka ukutani. Mimi ningechagua hii. Usiuhamishe sasa, hata hivyo. Subiri msimu wa baridi au wakati mmea umetulia, kwa sababu mwaridi unaohamishwa ukiwa na maua katikati ya joto huweza kufa. Wakati ukifika, chimba shimo la upana na kina cha sentimita 45, changanya udongo na mboji iliyoiva, punguza matawi kwa nusu na uondoke na bonge kubwa la udongo kadiri uwezavyo. Kama mahali hapo pamewahi kuota mwaridi mwingine kwa miaka mingi, badilisha udongo wa shimo lote, maana udongo uliochoshwa na miwaridi hudumaza mipya.

Njia ya tatu ni chungu. Floribunda ndogo huishi vizuri ndani ya chungu cha kina cha sentimita 40 au zaidi chenye matundu chini, na katika kibustani kama chako una faida ya kukisogeza kufuata majira: juani wakati wa ubaridi, kivulini alasiri wakati wa joto. Gharama yake ni kazi. Chungu hukauka haraka na huenda ukamwagilia kila siku wakati wa jua kali, chumvi za mbolea hujikusanya, na baada ya miaka miwili au mitatu lazima ubadilishe udongo. Ukiwa mtu wa safari nyingi, sikushauri.

Kivuli cha kutwa, kwa upande mwingine, si suluhisho. Nimewaona wengi wakiukimbiza mwaridi chini ya mti kwa kuogopa jua, wakaishia na matawi marefu membamba, maua machache na majani yenye ukungu. Bila mwanga hakuna sukari, na bila sukari hakuna rangi.

Kuhusu matunzo, mwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki kuliko kidogokidogo kila siku, na maji yaende kwenye udongo, si kwenye majani. Ugonjwa wa madoa meusi, unaoletwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae, huhitaji jani kuwa bichi kwa takriban saa saba mfululizo ili kushika, hivyo kumwagilia asubuhi peke yake hupunguza sehemu kubwa ya hatari. Aina za zambarau na kahawia zinahitaji uangalizi zaidi katika hili. Nyingi za zamani zilitokana na Grey Pearl ya mwaka 1945, waridi la rangi ya kijivu lililokuwa dhaifu sana, na Lavender Pinocchio ya mwaka 1948, miongoni mwa floribunda za kwanza za rangi hizi, ilikuwa mtoto wake. Wazalishaji wa leo wameuboresha ukoo huo, lakini jani linaloanguka mapema bado lina gharama maradufu kwako: mche hudhoofika, na ua hukosa sukari ya kujengea rangi.

Mbolea iwe ya wastani yenye potasiamu ya kutosha. Naitrojeni nyingi huleta majani mapana laini yanayopendwa na vidukari, na maua machache. Simamisha mbolea kabisa wakati wa joto kali. Kichala kikimaliza, kikate chote hadi kwenye jani la kwanza lenye afya linalotazama nje. Usichume ua mojamoja ukaacha kikonyo. Ua la katikati ya kichala hufunguka na kuzeeka kabla ya mengine, kwa hiyo ukilitoa likiwa bado chipukizi, yaliyobaki hufunguka kwa pamoja na rangi huonekana imejaa. Wakati wa kupogoa acha matawi sita au manane yenye nguvu na uyakate kwa urefu wa sentimita 30 hadi 45, kwa kuwa floribunda haipendi kukatwa chini kabisa. Na katika joto hili, kata vichala alfajiri machipukizi yanapoanza tu kufunguka, uyaweke ndani ya nyumba mahali penye ubaridi: yatadumisha ukahawia wake siku kadhaa zaidi ya yale yanayobaki juani.

Upe mche huo misimu miwili kamili baada ya kuondoa tawi la mzizi na kuuhamisha. Ikiwa bado hukuridhika, usitafute kahawia tena bali chagua rangi inayostahimili joto la kwako. Hot Cocoa ya Tom Carruth ina kutu ya machungwa iliyokolea, na kwa kuwa rangi yake ni nyingi haipauki upesi hivyo. Rhapsody in Blue, iliyozalishwa Uingereza na Frank Cowlishaw, ni zambarau inayoelekea buluu ya jiwe, ila hupanda juu ya mita moja na itakula nafasi yako. Ebb Tide ina zambarau nzito na harufu ya karafuu, lakini petali zake huungua juani, kwa hiyo mbele ya ukuta ule haifai hata kidogo.

Yapo mambo ambayo sitaweza kuyaamua kwa maandishi. Ukifukua na kukuta uvimbe wenye mabonge-mabonge kama koliflawa kwenye maungio au kwenye mizizi, huenda ni bakteria wa uvimbe wa shina. Usiuhamishe mche wala kutumia mkasi huohuo kwenye mimea mingine kabla mtaalamu wa kilimo hajauona. Fanya hivyo pia ukiona michirizi ya njano iliyopindapinda kama ramani juu ya majani, au machipukizi mekundu yaliyosongamana yenye miiba mingi isiyo ya kawaida. Mwite aje bustanini, au umpelekee tawi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na udongo wa viganja viwili uliouchimba kwenye kina cha sentimita 20, ili apime pH na chumvi kwa pamoja. Kama majani yatabaki njano wiki nne hadi sita baada ya kutumia chuma cha kilete, kipimo hicho cha udongo kifanyike kabla hujaongeza kitu kingine chochote.